Huyu Ana Mwenyewe?

Jioni ile mzee alirudi nyumbani peke yake, akavua viatu mlangoni, akavipanga sawasawa, visigino ukutani, na mikono yake haikutetemeka.

Mke wa fundi ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amekaa sakafuni akikata kitambaa cha foronya, mkasi mkononi, macho yamemvimba kwa kumtafuta mkwewe mtaa mzima tangu asubuhi. Kwa miaka miwili alikuwa amemwosha kama mtoto. Alifua shuka zake kila kukicha, akamfungia mlango asipotee, na akiponyoka alimkimbilia barabarani huku majirani wakichungulia madirishani. Sasa mzee alisimama mbele yake, shati limefungwa vifungo vyote.

"Hujambo, mwanangu. Pole na kazi."

"Shikamoo, baba," alisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba."

Mkasi ukamponyoka. Hakukumbuka mara ya mwisho mzee kuitikia salamu yake. Aliinama pale pale akalia kwa furaha.

Fundi aliporudi, jua lilikuwa limeshazama. Alimkuta baba yake anakunywa chai kwa mkono mmoja, kikombe kimetulia juu ya kisahani bila kugongana. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa vifaa begani, akakitazama kikombe kile kwa muda mrefu. Kilichomjia kwanza hakikuwa furaha wala hofu. Ilikuwa aibu, na alijua vizuri imetoka wapi.

Karakana yake haikuwa na kuta. Ilikuwa chini ya barabara ya juu, kwenye nguzo iliyoandikwa kumi na saba kwa rangi nyeupe, katikati ya fundi wa pancha, waliyemwita Pancha tu, na mama muuza chai. Barabara ya juu ilifunika ile ya chini kama dari lisilo na mwisho, na tangu ijengwe, mtaa ule haukuwa na mchana wa kweli. Kulikuwa na giza la kijivu kutoka asubuhi mpaka jioni. Watu wa pale hawakuwa na vivuli, wala hawakukumbuka kwamba watu huwa navyo. Adhuhuri tu, jua lilipenya kwenye mwanya kati ya njia ya kwenda na njia ya kurudi, likachora chini mstari wa mwanga wenye upana wa mkeka. Mafundi walianika humo vitambaa vilivyolowa, wakapasha migongo. Baada ya dakika ishirini hivi mstari ulikatika.

Yeye alitengeneza makochi na viti. Walimwita Sponji, kwa vile hakuna siku aliyorudi nyumbani bila vipande vya sponji kichwani. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, hapo hapo, kwenye nguzo hiyo hiyo, zamani barabara ikiwa mpya. Kila gari lililovuka kiungo cha barabara juu yao liligonga mara mbili, tu-tum, gurudumu la mbele na la nyuma. Mzee alimfundisha kupigilia kwa kufuata mlio huo.

"Barabara inakupigia mbili za kushikilia," alikuwa akimwambia. "Wewe piga ya tatu, ya kuzamisha. Hutachoka."

Waliomjua mzee pale walikuwa wamehama au wamekufa, isipokuwa mama muuza chai. Ndiyo maana, siku ya kwanza mzee alipotoroka nyumbani akafuata njia ambayo miguu yake haikuisahau, akatokea kwenye nguzo ya kumi na saba bila viatu na suruali imelowa, fundi alipoulizwa ni nani alijibu haraka, "Mzee wa jirani yetu huyu. Akili zimemruka." Halikuwa neno la ubaya. Lilimtoka tu. Lakini neno likishatoka linataka kulindwa, naye alililinda kwa mwaka mzima. Mama muuza chai alisikia, akaendelea kusuuza vikombe.

Sasa, mafundi wa chini ya barabara walikuwa na desturi moja waliyoiheshimu kuliko sheria yoyote. Mtu akiokota kitu, iwe kofia iliyopeperuka kutoka gari la juu, iwe spana, iwe kiti kilichotupwa, alikinyanyua akapaza sauti kuelekea pande nne: "Kina mwenyewe?" Mwenye nacho alipaswa kujibu hapo hapo. Asipojibu, aliyeuliza alisema, "Basi ni changu," na hakuna aliyeruhusiwa kudai baadaye, hata kama alikuwa chooni. Pancha aliwahi kupoteza viatu vyake namna hiyo, akiwa amelala kando yavyo, na aliyevichukua alivivaa mbele ya macho yake mpaka soli zikaisha. Ndivyo watu arobaini walivyofanya kazi miaka yote bila milango wala kufuli.

Mchana wa siku ile ile ya kikombe, meneja wa ukumbi mmoja alikuja kuangalia viti vyake. Vilikuwa ishirini na vinne, vyeupe, kazi kubwa kuliko zote fundi alizowahi kupata. Mzee alikuwa ametoroka tena, na alikuwa amekaa kwenye kimojawapo, mikono ikimtetemeka magotini, anatabasamu. Chini ya kiti kulikuwa na maji yaliyokuwa yanaenea taratibu.

"Nani amemkalisha huyu kwenye kiti changu?" meneja aliuliza, leso puani.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti kingine. Mdomoni alikuwa na misumari midogo kumi na moja, kama wafanyavyo mafundi wa makochi, ambao huichukua mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Hakujibu.

Hapo akatokea mtu nyuma ya meneja. Hakuna aliyemwona akija. Alivaa shati la kaki lililopigwa pasi, safi kabisa, mahali ambapo masizi yalidondoka siku nzima, na viatu vyake havikuwa na vumbi. Alimshika mzee begani kwa upole, akanyoosha mkono mwingine juu kama mtu aliyeokota kitu, akapaza sauti.

"Huyu ana mwenyewe?"

Watu walicheka. Pancha alisema, "Mpe, mpe, huenda akamfaa!" wakazidi kucheka. Mtu yule hakucheka. Aligeukia upande wa pili akauliza tena, kisha wa tatu. Mama muuza chai aliacha kusuuza vikombe, akamtazama fundi.

"Huyu ana mwenyewe?" Mara ya nne mtu yule aliuliza akiwa amemwelekea fundi, kwa sauti ya chini, karibu ya huruma.

Ni rahisi kumlaumu mtu kwa dakika moja ya maisha yake. Wengi wetu dakika zetu hazikushuhudiwa na mtu, ndiyo nafuu yetu. Misumari ilikuwa mdomoni, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba misumari hutemwa. Fundi aliinama juu ya kiti, akasubiri gari la juu ligonge mbili, akapiga ya tatu.

"Basi ni wangu," alisema yule mtu.

Fundi alipoinua kichwa, kiti cheupe kilikuwa kitupu. Meneja alikuwa analalamikia kitambaa. Na nyundo ndogo ya mzee, yenye mpini uliofungwa utepe mweusi, haikuwemo kwenye sanduku.

Kwa hiyo jioni, alipomwona baba yake na kikombe kilichotulia, alijiambia kwamba yule mtu alikuwa msamaria, kwamba alimpeleka mzee mahali, pengine kwa daktari, akapewa dawa. Mtu mwenye aibu haulizi maswali mengi.

Wiki ya kwanza nyumba ile ilikuwa na amani ambayo haikuwa nayo kwa muda mrefu. Mzee alikula bila kumwaga. Alikumbuka majina ya marehemu wote wa ukoo. Alijua ni mwaka gani dirisha la jikoni lilivunjika na nani alilivunja. Shuka zake ziliamka kavu, zimenyooka kama hazikulaliwa. Mke wa fundi alianza kuimba tena akikata foronya zake, na majirani walipita kumpa pongezi.

Lakini alipozifua nguo za mkwewe, aligundua kwamba hazikuwa na jasho. Aliziinua puani. Zilinuka lami iliyopata jua na breki zilizoungua. Alizisuuza mara tatu, na mara zote maji yalitoka ya kijivu, na chini ya beseni kukabaki unga laini kama saruji.

Kisha vikombe vikaanza kutetemeka kabatini. Nyumba yao ilikuwa mbali na barabara kubwa. Ilikuwa kwenye kichochoro ambacho hata baiskeli ilipita kwa kuombwa, lakini mzee akiwa sebuleni, vikombe vililia polepole, tu-tum, kisha vikanyamaza, kisha tu-tum, kana kwamba malori yalikuwa yanapita mahali fulani ndani ya kifua chake. Mchana hakutoka nje. Dirisha likifunguliwa, kiti chake kilikuwa kimeshasogea kwenye kona, ingawa hakuna aliyemwona akinyanyuka.

Huko chini ya barabara nako kulikuwa na jambo. Pancha ndiye aliyelisema kwanza.

"Jamani, hii nguzo imepata moyo. Sikilizeni."

Gari lilivuka juu: tu-tum. Wakasubiri. Na kutoka ndani ya nguzo ya kumi na saba, taratibu, kama mtu mwenye subira, ikaja ya tatu.

Tu.

"Kiungo kimelegea," alisema mmoja.

"Kiungo kiko juu, bwana. Hii imetoka hapa," Pancha alisema, akagusa saruji kwa kiganja usawa wa goti. Akautoa mkono haraka. "Lo! Ina joto." Alicheka, lakini siku ile alihamisha benchi lake.

Fundi hakucheka. Aliujua mlio ule kama mtu anavyoijua hatua ya mzazi wake nje ya mlango. Ulikuwa wa nyundo ndogo, mpini umeshikwa karibu na kichwa, pigo la kuzamisha. Siku nzima aliusikia, na siku iliyofuata, na iliyofuata tena, na kila gari lilipogonga mbili yeye alijikuta amezuia pumzi akiomba ya tatu isije, kisha ikaja, wakati mwingine kwa kuchelewa, wakati mwingine kwa unyonge kama wa mkono uliochoka, na aliona haya kwa kuomba kwake, akaziba masikio kwa vipande vya sponji, akaendelea kupigilia viti vyeupe vya meneja kwa haraka ya mtu anayefukuzwa, bila kugeuka kuitazama ile nguzo ya saruji iliyokuwa hatua mbili nyuma ya mgongo wake.

Nyumbani alimjaribu mzee. Alimletea kiti kidogo, nyundo na misumari minne.

"Nisaidie hapa, baba. Mkono wako bado ni mzuri kuliko wangu."

Mzee aliushika msumari kwa vidole visivyotikisika. Akapiga. Tu-tum. Akaweka nyundo chini. Msumari ulikuwa nusu nje, nusu ndani.

"Hujauzamisha," fundi alinong'ona.

"Mbili zinatosha," alisema mzee, na akamtazama kwa upole ule ule wa yule mtu wa siku ile. "Si ndivyo ulivyotaka? Asiyesumbua?"

Fundi alitoka nje akakaa kichochoroni mpaka usiku wa manane. Lakini asubuhi alikwenda kazini, na siku iliyofuata pia. Ukapita mwezi.

Siku moja ya mapumziko, alasiri, mvua ikinyesha, alimkuta mkewe ameketi jikoni mbele ya beseni, mikono imezama kwenye maji ya kijivu, hafui.

"Funga mlango," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Nina neno. Usinikatize, maana nikikatizwa sitarudia."

Alifunga.

"Yule si baba."

Vikombe vililia, vikanyamaza.

"Nimejua tangu wiki ya kwanza," mkewe aliendelea. "Nimemwosha baba miaka miwili, naijua kila kovu. Huyu nilipomkata kucha mkasi ulitoa cheche. Nikanyamaza. Unajua kwa nini nilinyamaza?" Alitoa mikono majini akaiangalia, ngozi imesinyaa. "Shuka zilikuwa kavu. Basi. Nilipata usingizi. Nikasema, hata kama ni shetani, na akae, ilimradi shuka ni kavu. Mimi huyo. Nilikuwa namwombea baba dua kila alfajiri, mimi huyo huyo."

Fundi alikaa sakafuni kando yake. Alitaka kusema neno la kumfariji, akakuta hana haki nalo.

"Wewe umejua kwa mwezi," alisema mwishowe. "Mimi nilijua kabla hajafika nyumbani."

Akamweleza yote. Mkewe alimsikiliza akiwa ameuma kanga yake. Hakumtukana, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulibeba. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo baba yuko wapi?"

Na mume wake, mtu mzima, mwenye mvi, alishindwa kulitamka, akagonga sakafu kwa kidole. Mbili. Kisha moja.

Mama muuza chai ndiye aliyewaelekeza kwa mzunguaji, mzee mfupi mwenye kikohozi, ambaye kwa miaka mingi alitoa majini katika nyumba za watu. Alikuja mchana na mkoba mdogo. Aliingia sebuleni, wakamsikia akisalimia, wakasikia akiitikiwa kwa adabu. Mlango ukafungwa. Wao wawili walisimama barazani, wakisikiliza sauti mbili zikizungumza taratibu kama za wazee wanaopanga posa, na mara moja mzunguaji akakohoa, na vikombe vyote vikakohoa naye. Alipotoka, mkoba ulikuwa haujafunguliwa.

"Bwana fundi," alisema, "mimi huwatoa wezi. Wale wanaoingia mwilini mwa mtu au nyumbani kwa mtu bila ruhusa. Nawasomea, nawaonya, wanatoka. Huyu si mwizi."

"Mzee wangu, una maana gani?"

"Ameuliza pande nne. Amefuata desturi yenu kuliko mnavyoifuata ninyi wenyewe. Amenieleza yote, wala hakuongeza chumvi. Anasema, chini ya ile barabara kuna vingi visivyo na mwenyewe, navyo ndivyo riziki yake." Alijifuta mdomo. "Kiti cha baba yako kilikuwa wazi, akakikalia. Mimi sina kisomo cha kumtoa mtu kwenye haki yake."

Mke wa fundi alianza kulia bila sauti.

"Hakuna njia?" fundi aliuliza.

"Ipo. Ulipoulizwa, hukujibu. Nenda ukajibu. Pale pale, saa ile ile, mbele ya watu wale wale. Na useme kwamba siku ile ulisikia."

"Basi tu?"

Mzunguaji alimtazama bila ukali. "Unasema basi tu kwa kuwa hujajaribu. Nimewahi kumwambia mtu jambo kama hili. Alirudi nyumbani akafikiri mpaka akafa."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, fundi alimshika mkono yule aliyekuwa sebuleni. Ulikuwa wa baridi na mzito, kama tofali lililolala nje.

"Twende, tafadhali," alisema.

"Twende," alijibu kwa adabu. Alipita kwenye vivuli vya kuta njia nzima, asikanyage jua hata mara moja. Mke alifuata nyuma, na shuka mikononi.

Chini ya barabara kazi ilikuwa imepamba moto. Meneja alikuwapo pia, amekuja kupakia viti vyake. Mama muuza chai alipowaona, alilizima jiko. Mstari wa mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuchorwa chini, mwembamba, kati ya fundi na nguzo ya kumi na saba.

"Sponji, leo umekuja na mgeni!" Pancha aliita. "Yule mzee wa jirani yenu, siyo? Amependeza! Nani kamwosha?"

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa amedhani ugumu ungekuwa jini, lakini jini lilisimama kando yake kwa utulivu, likimsubiri. Ugumu ulikuwa Pancha, na kicheko chake kisicho na ubaya, na leso ya meneja, na zile nyuso arobaini ambazo angekutana nazo kesho na keshokutwa na maisha yake yote.

"Ana mwenyewe," alisema.

Lori lilipita juu, likameza sauti yake.

"Unasemaje?"

"Ana mwenyewe!" alipiga kelele, na sauti ikapasuka katikati kama ya mtoto. "Yule mzee aliyekaa kwenye kiti cheupe, aliyelowesha kiti, ana mwenyewe! Si wa jirani. Ni baba yangu. Ni baba yangu mzazi, ndiye aliyenifundisha kazi hii inayonilisha, hapa, kwenye nguzo hii, na ninyi niliwaambia uongo mwaka mzima. Yule mtu alipouliza nilimsikia. Mara zote nne nilimsikia. Misumari ilikuwa mdomoni na ningeweza kuitema. Sikujibu kwa sababu namwonea aibu baba yangu. Nasikia kila siku anavyogonga humo ndani, na nilijiziba masikio."

Hakuna aliyecheka. Pancha aliinamisha kichwa. Juu yao, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, barabara ilinyamaza. Hakuna gari lililovuka. Katika kimya hicho nguzo ikagonga yenyewe, mara tatu, na ya tatu ilikuwa dhaifu mno.

Mke wa fundi ndiye aliyemwona. Nyuma ya nguzo, kati ya saruji na rundo la fremu za makochi, mahali ambapo watu walipita mchana kutwa, mzee alikuwa amechuchumaa. Nguo zilikuwa zimemgandia. Kope zake zilijaa unga wa kijivu. Mkononi alikuwa na nyundo ndogo yenye utepe mweusi, na mkono wote ulitetemeka.

"Baba!" mke alilia, akamfunika shuka.

Mkono wa baridi ukachomoka kwenye kiganja cha fundi. Alipogeuka, aliyesimama pale alikuwa yule mtu wa shati la kaki, safi kabisa. Mstari wa mwanga ulikuwa umefika miguuni mwake na kupita, na chini nyuma yake hapakuwa na kivuli.

"Umejibu," alisema. "Nimekubali. Sichukui chenye mwenyewe."

Lakini hakuondoka. Alinyoosha mkono wake akauweka begani mwa fundi, kwa upole, akanyanyua ule mwingine juu.

"Na huyu je?" alimuuliza mzee. "Huyu ana mwenyewe?"

Mafundi wote walielewa kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu kusogea. Swali lilikuwa la mzee. Na mzee, ambaye kwa miaka miwili hakumtambua mtu, alimkazia macho mwanawe, akayazungusha usoni pake, kwenye mvi zake, kwenye vipande vya sponji vilivyonasa nyweleni, akatafuta, akakosa, akatafuta tena, midomo inacheza, na mstari wa mwanga ulianza kufifia kutoka upande wa mbali ukija kwao, na fundi alihisi kiganja kile kinakuwa kizito begani mwake, kinashuka, kama nguzo nzima inataka kumkalia, na alijua kwamba hata akisahauliwa pale, akichukuliwa pale, hatakuwa na la kulalamika.

"Simjui," mzee alisema.

Kiganja kikakaza.

"Simjui kijana huyu," mzee alirudia, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama anayeomba radhi kwa adabu mbaya. "Lakini ni wangu."

Gari likavuka juu. Tu-tum. Mahali aliposimama yule mtu palibaki unga kidogo wa saruji, na harufu ya breki.

Siku hizi mzee anakwenda kazini pamoja na mwanawe kila asubuhi. Anakaa kwenye kiti cha mbele kabisa, kinachoonwa kwanza na wateja, na kiti hicho hubadilishwa kitambaa mara nyingi. Meneja hakurudi. Mteja akianza tu kuuliza, "Na huyu mzee ni...," fundi huwa ameshajibu. Pancha, ambaye hajui kuomba msamaha, amemletea mzee tairi la kuwekea miguu. Nyumbani shuka zinafuliwa kila kukicha, na sasa zinafuliwa na watu wawili.

Ungedhani aibu ingeisha. Haikuisha. Kila jioni mzee humgeukia mwanawe na kumuuliza, kwa heshima, "Samahani, kijana, wewe ni wa nani?" Naye hujibu, "Wako, baba." Mzee husema, "Aa," na huridhika, na fundi huangalia pembeni.

Desturi ya kuuliza pande nne imekoma pale. Kitu kikiokotwa kinatundikwa kwenye msumari, kinangoja.

Juzi tu, adhuhuri, mstari wa mwanga ukiwa chini, fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, misumari tisa mdomoni. Kutoka mbali, kwenye nguzo ya ishirini na moja, ambako mama mmoja mwenye mabegi mengi hulala siku nzima ameegemea saruji, aliisikia sauti safi, isiyo na vumbi.

"Huyu ana mwenyewe?"

Akasikiliza. Upande wa pili. Wa tatu. Mafundi wote walikuwa wameinama juu ya kazi zao, wanapigilia, wanachomelea, wanasugua. Hakuna aliyejibu. Alimjua yule mama? Hakumjua. Jina lake hakuwahi kulisikia.

Fundi aliitema misumari yote tisa kiganjani, akainuka, akaanza kukimbia.